Shajara ya mradi: bia kali na biri katika ua wa matofali, Ybor City

Mradi: tamasha la mchana mmoja, wageni 150, katika ua wa wazi uliotandikwa matofali mtaani Ybor City, Tampa, jimbo la Florida. Kila mgeni anapata bia 5 zenye kilevi cha asilimia 8 hadi 11, mililita 90 kila moja, pamoja na biri 2. Biri tunayoisema ni ile sigara nene ya majani matupu ya tumbaku, isiyo na karatasi wala kichungi. Tarehe: Jumamosi ya mwisho ya Februari, kabla joto na mvua za Florida hazijaanza.

Mtaa huu ulizaliwa na tumbaku. Vicente Martinez Ybor alinunua ardhi hapa mwaka 1885, viwanda vikaanza kazi mwaka uliofuata, na baada ya muda Tampa ikawa na viwanda vya biri takriban 150. Kati ya hivyo vya zamani kimebaki kimoja kinachofanya kazi, cha J.C. Newman, ndani ya jengo la saa la El Reloj lililojengwa mwaka 1910. Upande wa bia, Cigar City Brewing ilianza mwaka 2009 na jina lake, Jiji la Biri, linajieleza. Kwa hiyo kuweka bia kali na biri meza moja hapa hakumshangazi mtu. Kazi ni kuviweka pamoja bila kimoja kukiua kingine.

Septemba: vibali na hesabu

Sheria zimetangulia kwa sababu ndizo zinazoamua umbo la mengine yote. Mwaka 2002 wapiga kura wa Florida walipitisha marekebisho ya katiba yanayokataza kuvuta tumbaku ndani ya sehemu za kazi zilizofungwa, na utekelezaji ukaanza Julai 2003. Baa zinazojitegemea zilisamehewa, lakini watu 150 wakiwasha biri kwa pamoja ndani ya baa, hata wavutaji wenyewe watakimbilia mlangoni. Tunakaa nje, chini ya mahema yasiyo na kuta.

Bustani ya jiji ilifikiriwa. Sheria ya jimbo ya mwaka 2022 iliziruhusu serikali za mitaa kuzuia uvutaji kwenye fukwe na bustani zao, ila ikaziacha nje biri zisizo na kichungi. Tumbaku isingekuwa kikwazo. Pombe ndiyo ingedai mlolongo wake wa ruhusa. Ua wa binafsi umeshinda.

Pombe: kibali cha muda kinachotolewa kwa taasisi zisizo za faida, siku 1 hadi 3, ada dola 25. Bia yote inapitia kwa msambazaji mwenye leseni. Umri: miaka 21 kwa pombe na kwa tumbaku pia, kwa hiyo kitambulisho kinakaguliwa mara moja tu, getini.

Biri za bure: kanuni ya shirikisho ya mwaka 2016 ilikataza kugawa sampuli za tumbaku bila malipo, kisha mwaka 2023 mahakama ya Washington ikaiondoa kwa biri za hali ya juu. Tumeingiza bei ya biri ndani ya tikiti ili mabishano hayo yasituhusu. Florida haitozi ushuru wa jimbo kwenye biri. Ule wa shirikisho una kikomo cha senti 40.26 kwa kila moja, na mwuzaji ameshaulipa kabla ya kutufikia.

Hesabu ya kilevi. Bia 5 za ml 90 ni ml 450. Wastani wa kilevi ni asilimia 9.3, yaani ml 42 za kilevi halisi, sawa na vinywaji 2.4 kwa kipimo cha Marekani cha ml 17.7. Kwa saa nne, pamoja na chakula, hilo linabebeka. Mhudumu akimimina kwa macho na kufikisha ml 150, jambo ambalo hutokea kila mahali pasipo na alama kwenye glasi, mgeni yuleyule anafikia vinywaji 3.9. Glasi zimeagizwa zikiwa na mstari wa ml 90 uliochongwa. Stika zimekataliwa, zinabanduka kwenye maji ya kwanza ya kusuuzia.

Hesabu ya kegi. Wageni 150 mara ml 90 ni lita 13.5. Ongeza asilimia 10 ya povu na bia inayobaki kwenye mipira ya kutolea, unapata lita 15. Kegi (pipa la chuma la bia) ndogo ya hapa ina lita 19.5, kwa hiyo kegi moja kwa kila bia inatosha na chenji inabaki.

Hesabu ya muda ndiyo iliyobadilisha ratiba nzima. Biri fupi nyembamba inaungua kwa dakika 35 hadi 45, ya unene wa robusto, yaani fupi nene, dakika 50 hadi 60. Bia ya ml 90 inaisha kwa dakika 10 ukiiendea polepole. Anayepanga tamasha kwa kufuata bia atamkuta mgeni ameshamaliza glasi tatu na biri yake bado iko nusu. Atavuta haraka ili awahi, moto utapanda, na mdomo utabaki na uchungu wa lami. Saa ya tamasha hili ni biri. Bia zinaitwa kadiri biri inavyopungua.

Hali: kibali kimewasilishwa, glasi zimeagizwa, orodha ya bia bado.

Oktoba: bia ya tamasha

Bia nne zitanunuliwa. Ya tano, stauti (bia nyeusi ya nafaka iliyokaangwa) nzito ya asilimia 10 iliyolazwa juu ya mbao, inapikwa na kiwanda kidogo chenye leseni kwa mapishi yetu. Lita 19 za majaribio zimepikwa nyumbani kwanza. Sheria ya shirikisho inaruhusu kupika bia nyumbani tangu 1979, galoni 100 kwa mwaka kwa mtu mzima mmoja, lakini haiuzwi. Hizi lita 19 ni za kuonja tu.

Mapishi kwa lita 19: kimea cha msingi kg 7.5, kimea cha Munich kg 1, shayiri iliyokaangwa g 500, kimea cha chokoleti g 400, kimea cha karameli g 400, oti zilizopondwa g 500. Jumla kg 10.3. Maji ya kulowekea lita 27. Chombo kinahitaji nafasi ya lita 34, kwa hiyo sufuria ya lita 38 ndiyo ya chini kabisa. Kwenye ya lita 30 uji unamwagika kabla hujamaliza kukoroga.

Loweka kwa nyuzi 66 za selsiasi dakika 75. Chuja, suuza machicha kwa lita 10 hadi 11 za maji ya nyuzi 75, upate lita 27 za togwa, yaani maji matamu ya kimea. Chemsha dakika 90 hadi zibaki 20. Hopsi (maua yanayoitia bia uchungu) za Magnum zenye asidi alfa, kiini cha uchungu huo, ya asilimia 14, g 50, zinaingia mwanzoni mwa mchemko na hapo ndipo zinapoishia. Hopsi za harufu hazina kazi kwenye bia itakayonywewa ndani ya moshi.

Haidromita, kipimo cha uzito wa togwa kinachoonyesha sukari iliyomo, inatakiwa isome 1.100 kabla ya hamira. Kwenye bia nzito kama hii, kimea hakitoi sukari yake kwa ukamilifu wa bia nyepesi: tegemea asilimia 65, si 75. Ukipiga hesabu kwa 75 utapata 1.115 kwenye karatasi na 1.100 kwenye sufuria, kisha utahangaika kutafuta kosa ambalo halipo.

Hamira kavu ya ale pakiti 3 za g 11.5. Wengi hutia moja, kwa kuwa ndiyo inayotosha bia ya asilimia 5. Kwenye togwa zito kiasi hiki hamira chache hulemewa na sukari mwanzoni, na kilevi hulimaliza kundi lililobaki. Bia inasimama kwenye 1.040 na kuwa sharubati. Oksijeni safi sekunde 60 kabla ya kutia hamira, na mara ya pili kabla saa 18 hazijapita. Baada ya hapo usiingize hewa tena, bia itachakaa na kunuka karatasi iliyolowa.

Joto: nyuzi 18 kwa siku tatu za mwanzo, kisha acha lipande hadi 20 au 21. Likipita 22 siku za mwanzo, hamira hutoa vileo vizito vinavyochoma koo, na vile haviondoki kwa kulaza bia. Tumia mpira mpana wa kutolea povu badala ya kizibo cha hewa. Kizibo kikiziba, kifuniko kinaruka na dari inageuka kahawia.

Mwisho umesoma 1.024. Hiyo ni asilimia 10. Kiwanda kimepewa mapishi, na bia ina miezi minne ya kutulia.

Novemba: biri 330

Wageni 150, biri 2 kila mmoja, asilimia 10 ya akiba kwa zile zitakazopasuka au kukataa kupitisha hewa.

Biri ya kwanza ni fupi nyembamba: inchi 5, unene 42. Unene huhesabiwa kwa sehemu za 64 za inchi, kwa hiyo 42 ni milimita 16.7. Jani lake la nje ni la Connecticut, lililokuzwa chini ya vitambaa vya kuzuia jua, rangi ya kahawa ya maziwa. Ya pili ni robusto, inchi 5 kwa 50, yaani karibu milimita 20, na jani lake ni la maduro, lililochachushwa muda mrefu kwenye joto kubwa zaidi hadi likawa jeusi na lenye utamu wa matunda makavu.

Wageni wengi hudhani nyeusi ndiyo kali. Rangi ni ya jani la nje. Ukali unakaa ndani, kwenye majani ya ligero, yale ya juu ya mche yaliyopigwa na jua zaidi. Msokotaji huyaweka katikati kabisa kwa sababu yanaungua taratibu. Tumemwomba mwuzaji mchanganyiko wenye ligero kidogo kwenye zote mbili. Majani ya ndani yanatoka Nikaragua na Jamhuri ya Dominika. Ya Kuba hayaruhusiwi kuingizwa Marekani kibiashara tangu vikwazo vya Februari 1962.

Jambo moja kwa wanaolijua zao hili kutoka Tabora au Urambo: tumbaku ya mvuke ya kule haifai kabisa kwa biri. Joto la bani huikausha haraka na sukari inabaki ndani ya jani, moshi unakuwa na asidi, na nikotini yake huingia mwilini hasa kupitia mapafu. Jani la biri hukaushwa kwa hewa kwa wiki kadhaa, kisha hurundikwa na kuchachuka. Sukari inakwisha, moshi unageuka kuwa na alkali, nikotini inapenya kwenye ngozi ya mdomo. Ndiyo maana biri haivutwi hadi kifuani, na ndiyo maana asiyeivuta hadi kifuani hupata kizunguzungu vilevile. Kwenye bango la getini hilo limeandikwa, na chini yake kwamba tumbaku na pombe zikitumiwa pamoja huzidishiana hatari ya saratani ya mdomo na koo kuliko kila kimoja peke yake. Limeandikwa kwa herufi kubwa sawa na za ratiba. Anayetaka kuja kunywa bila kuvuta ana tikiti yake, bei pungufu.

Ghala: boksi la barafu la plastiki la lita 45, jipya, limeoshwa kwa maji ya soda ya kuokea na kuachwa wazi hadi harufu ya plastiki iishe. Trei za mbao ndani. Pakiti za Boveda za kudhibiti unyevu, za asilimia 65, g 60, moja kwa kila biri 25, jumla 14. Tumeacha zile za asilimia 69 zinazouzwa zaidi kwa sababu biri hizi zitavutwa nje, karibu na ghuba. Biri yenye maji mengi huzimika, huungua shimo katikati huku pembeni pakibaki pazima, au huungua upande mmoja. Iliyokauka mno nayo huungua haraka na kupasuka ganda.

Haigromita, kipimo cha unyevu, imepimwa kwa chumvi: kijiko kimoja cha chumvi ya mezani kwenye kifuniko cha chupa, matone ya maji hadi iwe kama tope (isiwe maji), vyote ndani ya mfuko uliofungwa pamoja na kipimo, saa 24. Inatakiwa isome 75. Chetu kinasoma 72. Kimebandikwa karatasi ya "ongeza 3".

Dumuzi wa tumbaku, Lasioderma serricorne, ndiye adui mwenyewe. Mayai yake huja ndani ya jani na huanguliwa joto likikaa juu, nyuzi 24 na kuendelea. Ukiona matundu kama ya pini na unga wa kahawia, boksi zima limeshapotea. Biri zote zimepitia baridi kabla ya kuingia ghalani: mfuko usiopitisha hewa, friji saa 24, friza nyuzi 18 chini ya sifuri saa 72, friji tena saa 24, ndipo zikatoka. Anayeruka hatua ya friji ili kuokoa muda anakuta majani ya nje yamepasuka kwa urefu.

Hali: zimelazwa. Kila wiki trei ya juu inashuka chini.

Desemba: mbao ndani ya bia

Mbao za maboksi ya biri huitwa mwerezi wa Kihispania, ingawa mti wenyewe si mwerezi na si wa Hispania. Ni Cedrela odorata, ndugu wa mkangazi, asili yake Amerika ya Kati na Kusini. Wataalamu wa misitu wa Morogoro wanaujua kwa ubaya: ulipandwa Kimboza, ukatoroka, na sasa unaisonga miti ya asili ya msitu ule.

Harufu yake ni ya pilipili manga, sandali na ganda la chungwa, na ina nguvu kupita mwaloni kwa mbali. Kwa lita 19 tumejaribu g 14 na g 28. Za g 28 zimetoa bia yenye ladha ya penseli iliyochongwa sasa hivi. Za g 14 zimekaa vizuri siku ya tano. Siku ya nane zilianza kuleta ukakasi. Uamuzi: g 14 kwa kila lita 19, onja kila siku kuanzia ya tatu, toa siku ya tano.

Mbao ziwe tupu. Vipande vya maboksi yaliyotupwa havifai. Vingi ni mbao nyembamba zilizogandishwa kwa gundi na kupakwa vanishi. Tumechukua ubao mzima, ukakatwa vipande vya sentimita moja, vikapigwa mvuke dakika 15, vikaingia kwenye mfuko wa nailoni wenye uzito ili usielee. Unga wa msumeno usitumike hata kidogo, hautoki tena.

Januari: jaribio la meza

Bia nane, biri zilezile mbili. Hapa ndipo mengi yameanguka.

Bia ya hopsi nyingi ya asilimia 9 imetoka kwanza, licha ya kupendwa na wengi. Uchungu wa hopsi na uchungu wa moshi havipishani, vinajumlishana. Kufikia nusu ya biri mdomo una ladha ya chuma. Bia ya Bamberg, Ujerumani, ya kimea kilichofukizwa moshi nayo imetoka: moshi juu ya moshi, hakuna anayesikia kitu. Stauti yenye pilipili kavu imekwama kwa sababu nyingine. Mtindo huo una sifa yake hapa Tampa, Hunahpu's ya Cigar City hutiwa kakao, vanila, mdalasini na pilipili za ancho na pasilla, lakini pilipili hufungua ngozi ya mdomo na biri ya maduro inaonekana kali maradufu.

Zilizobaki, kwa mpangilio wa kumiminwa:

Tripeli ya Kibelgiji, asilimia 9, kabla ya kuwasha chochote. Mgeni anaonja theluthi bila moshi, kisha anawasha biri ya kwanza na kumalizia. Gesi yake nyingi husafisha mdomo, na tofauti kati ya onjo la kwanza na la pili inamfundisha zaidi ya maelezo yetu. Doppelbock ya Kijerumani, asilimia 8: ukoko wa mkate, inaibeba kahawa ya maziwa ya jani la Connecticut. Kisha ale nzito ya Kiskoti, asilimia 8.5, biri ikiwa imebaki theluthi, pale inapoanza kukolea.

Chakula. Hapa hapapunguzwi dakika: 40 kamili. Sandwichi za Kikuba kwa mtindo wa Tampa, wenye salami ya Genoa ndani pamoja na nyama ya nguruwe, jibini na tango la siki. Mafuta na chumvi vinarudisha ladha, na tumbo lenye chakula ndilo kinga ya kichefuchefu cha nikotini. Mvutaji mgeni akianza kutoka jasho baridi: aketi, aweke biri chini, apewe kitu chenye sukari na maji. Dakika 15 hadi 20 inapita. Asiongezewe bia.

Baada ya hapo robusto ya maduro na bia-mvinyo ya Kiingereza (bia tupu ya kimea, kali karibu kama mvinyo), asilimia 11, zabibu kavu na tofi. Hii ndiyo ndoa bora kuliko zote mezani na hatukubishana. Stauti ya mbao inafunga.

Nyuzi joto zimepimwa upya. Stauti ya nyuzi 4 haina harufu. Ya nyuzi 18 inanuka kilevi. Tripeli itolewe kwenye 7, zilizobaki kati ya 10 na 13.

Februari, wiki mbili kabla

Kegi ya stauti imefika ikiwa na gesi kidogo mno. Kwa nyuzi 12, ujazo 2.2 wa kaboni daioksaidi kwa kila ujazo mmoja wa bia unahitaji shinikizo la baa 1.05 (baa hapa ni kipimo cha shinikizo). Shinikizo linalozoeleka baani, baa 0.8 hivi, limepangwa kwa friji ya nyuzi 3. Kwenye kegi ya nyuzi 12 halitoshi, gesi inatoka kwenye bia badala ya kuingia. Imewekwa kwenye baa 1.05 na kuachwa siku saba. Kutikisa kegi kunaharakisha, ila kunatibua masalia ya hamira yaliyotuama.

Mpira wa kutolea: kipenyo cha ndani mm 4.8, urefu mita 2. Mfupi kuliko hapo, povu tupu. Mpira ulioachwa juani nao ni povu tupu kwa glasi tatu za mwanzo, hata kama kegi iko sawa. Mipira yote imevikwa sponji la bomba.

Meza ya kumiminia iko upande unaotoka upepo, mita 8 kutoka viti vya kwanza, kwa ajili ya wahudumu wanaosimama pale saa nne mfululizo. Ndoo za chuma zenye mchanga sentimita 5, moja kwa kila watu 10, na mitungi miwili ya kuzimia moto. Vikombe vya karatasi havikai meza moja na majivu.

Vikatio: vya makali mawili, 20. Kata milimita 2 tu, juu ya mstari wa kofia, kile kipande cha jani kinachofunika kichwa cha biri. Ukishuka chini ya mstari, jani lote la nje linafunguka kama bendeji. Viberiti vya gesi ya buteni, vya mwali mkali, kwa kuwa nje kuna upepo. Vya petroli vimepigwa marufuku, ladha yake inakaa kwenye biri hadi mwisho. Mguu wa biri, ncha inayowashwa, uchomwe bila kuvuta sekunde 15 hadi 20, mwali usiguse jani, kisha ndipo ivutwe. Mvuto mmoja kwa dakika.

Msokotaji atakuwepo na meza yake: kisu cha chaveta, ubao, gundi ya mimea. Biri atakazosokota siku hiyo zinakwenda nyumbani na mgeni, hazivutwi uani. Jani la kusokota lazima liwe na unyevu ili lisipasuke, na biri mpya bado inatoa amonia. Inahitaji wiki kadhaa, na miezi ni bora zaidi.

Tikiti: jina na msimbo wa kuskani, bangili getini. Mwaka 2014 siku ya Hunahpu's ilijaa watu walioingia kwa tikiti bandia hadi bia haikutosha, na kiwanda kikarudisha fedha. Tikiti ya karatasi yenye picha nzuri haitoshi.

Matangazo ya kubadilisha bia yatasomwa kwa sauti kutoka jukwaa la mbao, bila spika. Viwanda vya hapa vilikuwa na wasomaji waliokaa juu ya jukwaa na kuwasomea wasokotaji magazeti na riwaya, mpaka wenye viwanda walipowaondoa mwaka 1931. Uani kwa watu 150 sauti ya mtu inafika.

Siku yenyewe

Biri zimetoka ghalani asubuhi kwa mafungu ya 50, si zote kwa pamoja. Unyevu wa hewa ulikuwa asilimia 82 saa 2 asubuhi, ukashuka hadi 58 kufikia saa 7 mchana. Biri ikikaa wazi kwenye hewa ya asubuhi ile inavimba.

Saa 7:00 geti. Saa 7:30 tripeli. Saa 7:40 kuwasha. Saa 7:55 doppelbock, saa 8:10 ale ya Kiskoti. Saa 8:25 chakula. Saa 9:05 bia-mvinyo na robusto. Saa 9:35 stauti. Saa 10:00 kegi zinafungwa, maji na kahawa vinaendelea hadi saa 11.

Tripeli ilitoa povu dakika kumi za mwanzo, joto la kegi lilikuwa 10 badala ya 7. Barafu iliongezwa hadi shingo ya kegi, si chini tu, ikatulia. Upepo uligeuka saa 9 na moshi ukaelekea meza ya kumiminia. Meza ikasogezwa kona ya pili, mipira ilikuwa na urefu wa ziada ndani ya sponji. Kuku wa Ybor, wanaozurura mitaani na kulindwa na kanuni za jiji, waliingia kwa ajili ya makombo. Hawafukuzwi kwa fimbo. Mfagizi mmoja akiwa kazini tangu chakula kianze anatosha.

Wageni waliozidiwa na nikotini wote walikuwa kwenye robusto, na karibu wote hawakumaliza sandwichi. Waliondoka kwa miguu hadi kituo cha tramu, ambayo haina nauli kati ya Ybor na katikati ya jiji.

Siku iliyofuata

Kegi: tripeli imebaki lita 2, doppelbock 4, ale ya Kiskoti 4.5, bia-mvinyo 3, stauti sifuri. Stauti iliombwa kuongezwa na haikuongezwa. Ilikwisha kwa sababu mstari wa ml 90 ulifunikwa na povu na wahudumu wakajaza juu yake. Mwakani mstari uchongwe milimita chache juu zaidi kwa glasi za stauti, au kegi mbili.

Biri: 19 zimerudi, saba zimepasuka kwenye kofia. Nzima zimerudi ghalani zikiwa zimetengwa na mpya, kwa mfuko wake, mpaka zipite tena kwenye friza.

Mipira imesukumwa maji baridi, kisha dawa ya kusafishia ya alkali dakika 15 ikizunguka, kisha maji tena hadi karatasi ya kupimia isome sawa na maji ya bomba. Bia nzito ikilala usiku mmoja kwenye mpira wa plastiki, harufu yake haitoki. Mpira wa stauti haukuosheka usiku na umetupwa. Majivu yamekaa na mchanga kwenye ndoo saa 24 kabla ya kuingia kwenye pipa la taka. Trei za mbao zinakauka kivulini, bila sabuni.